Mkasi, Ulimi na Manyoya: Paka wa Nyumbani kutoka Pwani hadi Kenmore

Katika masimulizi ya Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kama ilivyo katika nchi nyingine nyingi za Kiislamu, kipo kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) na paka aliyeitwa Muezza. Husimuliwa kwamba paka huyo alisinzia juu ya mkono wa kanzu ya Mtume, adhana ikatolewa, na Mtume akaona afadhali aukate mkono wa kanzu kuliko kumwamsha. Kisa hicho hakimo katika vitabu sita vikuu vya hadithi, wala wanazuoni hawakihesabu miongoni mwa riwaya sahihi. Lakini kimedumu midomoni mwa watu, na huenda kimedumu kwa kuwa kinaafikiana na desturi waliyoijua wasikilizaji: palipo na paka na mkasi, kinachokatwa ni nguo. Paka mwenyewe haguswi na chuma.

Desturi hiyo imekutana na mtihani mpya mbali na pwani. Kenmore ni kijiji kwa mujibu wa sheria za jimbo la New York, kilichoandikishwa mwaka 1899, ingawa kwa sura ni kama mtaa wa mji, maana kimeshikana na Buffalo upande wa kaskazini. Buffalo, kama Columbus ya Ohio na Louisville ya Kentucky, imepokea tangu miaka ya 1990 watu wengi kutoka Somalia, Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda, na miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili, waliozaliwa nacho au waliojifunza kambini. Katika miji hii paka wa nyumbani ni kiumbe wa namna nyingine. Hutoka nje kwa nadra au hatoki kabisa, na mara nyingi ana manyoya marefu yanayosokotana yakawa mafundo. Hapo huzuka swali ambalo kwa nje ni dogo: je, manyoya hayo yaweza kupunguzwa nyumbani bila kumdhuru mwenyewe? Swali hilo lina historia ndefu. Haja ya mkasi haikuzaliwa na paka. Ilitengenezwa na watu, hatua kwa hatua, na anayejua jinsi ilivyotengenezwa hujua pia mahali pa kuuweka mkasi na mahali pa kuuacha.

Paka wa pwani hakuwa na haja hiyo. Katika vichochoro vya Lamu, Mombasa na Unguja, paka ni mwenye mwili mwembamba, miguu mirefu na manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi. Hulala kivulini barazani, hula vichwa vya samaki gatini, na huzaliana bila kuchaguliwa mume wala mke. Jack Couffer, mpiga picha za sinema na mwandishi wa Kimarekani, aliwaandikia paka hao kitabu kizima, The Cats of Lamu, kilichotoka mwaka 1998, akivutiwa na jinsi umbo lao linavyofanana na la paka wa michoro na sanamu za Misri ya kale. Elimu ya vinasaba imekuja na maelezo yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwagawa paka wasiochaguliwa na wafugaji katika makundi makuu manne: Ulaya, nchi za Bahari ya Kati, Afrika Mashariki na Asia. Kwa hiyo paka wa Afrika Mashariki ana ukoo wake mwenyewe unaotambulika, na hawezi kuelezwa tu kama mabaki ya ukoo wa wengine.

Kusini ya Lamu, karibu na Watamu, msitu wa Arabuko-Sokoke ulimtoa paka mwingine. Wagiriama walimjua kwa jina la khadzonzo. Mwaka 1978 mkazi mmoja wa huko, Jeni Slater, aliokota vitoto vyenye mabaka ya kahawia yanayofanana na gamba la mti, akaanza kuwazalisha. Mwaka 1984 baadhi yao walipelekwa Denmaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyama vya wafugaji wa Ulaya vikamtambua kwa jina la msitu wake, Sokoke. Manyoya yake ni mafupi, yamebana mwilini, na sufu ya chini ni haba. Wenye kumfuga Ulaya huambiwa wamkinge na baridi. Hakuna anayeambiwa amnyoe.

Sababu ya paka hawa kujitosheleza imo katika ulimi. Wenye paka wote wanajua kwamba ulimi huo hukwaruza, lakini namna unavyofanya kazi ilielezwa kwa kina mwaka 2018 tu, Alexis Noel na David Hu wa Chuo cha Teknolojia cha Georgia, Atlanta, walipochunguza ndimi za paka wa jamii sita, kuanzia wa nyumbani hadi simba na chui milia. Waligundua kwamba miiba midogo iliyo juu ya ulimi si mitupu kama sindano. Ncha yake ina mfereji, mithili ya kijiko chembamba, unaochota mate kutoka kinywani na kuyafikisha hadi kwenye mizizi ya manyoya. Mate hayo husafisha, na yanapokauka hupoza mwili. Ulimi wa paka, basi, ni kitana na ndoo ya maji kwa pamoja. Uchunguzi huohuo ulionyesha mpaka wa chombo hiki. Kwa paka wengi, manyoya yakilazwa na ulimi huwa mafupi kuliko miiba, na miiba huigusa ngozi. Kwa paka wa Kiajemi haiwi hivyo: manyoya ni marefu mno, na ulimi haufiki. Mnyama huyo amezaliwa na chombo cha kujisafisha ambacho hakimtoshi.

Urefu huo ulianza kama bahati ya maumbile. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba paka huwa na manyoya marefu pale jeni iitwayo FGF5, ambayo kazi yake ni kuuamuru unywele uache kukua, inapoharibika. Waliyapata mabadiliko manne tofauti katika jeni hiyo moja. Mabadiliko hayo hujificha: paka akirithi nusu moja tu huwa na manyoya mafupi kama wenzake, na urefu hujitokeza pale tu mama na baba wote wawili wanapompa mtoto nusu zao. Katika vichochoro vya pwani, tukio kama hilo lingepita bila kutajwa. Lakini panapo mtu wa kuchagua, lililo nadra hugeuka kuwa la thamani.

Watu hao walipatikana mapema. Mwaka 1620 msafiri wa Kiitalia Pietro della Valle, akiwa Uajemi, aliandika juu ya paka wa Khorasan wenye manyoya marefu na laini kama hariri, akakusudia kuwapeleka Roma. Katika karne hiyohiyo mwanazuoni Mfaransa Nicolas-Claude Fabri de Peiresc alifuga na kugawa paka wa Angora. Kwa miaka zaidi ya 200 wanyama hao walikuwa tunu za matajiri. Tarehe 13 Julai 1871, Harrison Weir alifanya maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London, na kuanzia hapo mambo yakabadilika: paka akawa na waamuzi, daraja na zawadi. Mwaka 1895 maonyesho ya namna hiyo yalifanyika New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, na mshindi alikuwa paka wa Maine mwenye manyoya marefu, jina lake Cosey. Kilichopimwa na waamuzi ndicho wafugaji walichokizidisha. Kizazi baada ya kizazi sufu ya chini ikawa nzito na manyoya ya juu yakarefuka. Mwenye nyumba alipelekewa uzuri, na pamoja na uzuri huo alipelekewa kazi ambayo zamani ilifanywa na ulimi.

Katika mtaro huo wa biashara na maonyesho ndimo majina ya Afrika Mashariki yalimoingizwa, bila Afrika Mashariki kuulizwa. Baada ya jeshi la Uingereza kuivamia Uhabeshi na kuiteka Magdala mwaka 1868, paka aliyeitwa Zula alifikishwa Uingereza. Gordon Stables alimtaja na kumchapisha picha katika kitabu chake cha mwaka 1874, na wafugaji wakalishika jina la Kihabeshi kwa paka wa namna hiyo, wenye manyoya mafupi ambayo kila unywele una mistari ya rangi mbili au tatu. Hata hivyo, katika jumba la makumbusho la Leiden, Uholanzi, ulikwisha kuwapo mzoga uliokaushwa wa paka wa sura hiyohiyo tangu miaka ya 1830, ukiwa na maandishi yanayoitaja India. Tafiti za vinasaba nazo zimeelekeza kidole zaidi upande wa pwani za Bahari ya Hindi na Asia kuliko nyanda za juu za Ethiopia. Uhabeshi ulimpa paka huyo jina la bandari na kumbukumbu ya vita. Ukoo wake ulitoka kwingine.

Jina la pili lilizaliwa Amerika ya Kaskazini. Katika miaka ya 1960, miongoni mwa watoto wa paka wa Kihabeshi, walijitokeza baadhi wenye manyoya marefu, mkia mzito kama wa mbweha na sufu shingoni. Ile nusu iliyofichika ilikuwa imekutana na nusu ya pili. Wafugaji wengi waliwaona kuwa ni kasoro, wakawatoa kimyakimya. Evelyn Mague, mfugaji wa New Jersey, aliamua kuwaendeleza, na ndiye aliyewapa jina la Kisomali. Hoja yake ilikuwa ya ramani: Somalia inapakana na Ethiopia, na paka huyu anapakana na paka wa Kihabeshi. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1972, na kufikia mwisho wa muongo huo paka wa Kisomali alikuwa amekubaliwa katika maonyesho ya Marekani. Hakuna paka hata mmoja wa asili yake aliyetoka Mogadishu, Barawa au Kismayu kwa ajili hiyo. Mpaka uliochorwa na wakoloni baina ya nchi mbili ulitumiwa kama mfano wa tofauti ya urefu wa manyoya.

Miaka michache baadaye Wasomali wenyewe walifika. Serikali ya Somalia iliporomoka mwaka 1991, na kuanzia katikati ya muongo huo Columbus ikawa mojawapo ya miji yenye Wasomali wengi zaidi Marekani, ikitanguliwa na Minneapolis. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea Wabantu wa Somalia, watu zaidi ya 10,000, ambao wengi wao ni wazao wa Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pwani na bara ya nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Walihamishwa kutoka Dadaab kwenda Kakuma, na kutoka huko wakatawanywa katika miji mingi, Columbus, Louisville na Buffalo zikiwa miongoni mwake. Baadaye wakaja Wakongo, waliotoka katika kambi za Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Hivyo ikawezekana, katika mji mmoja, Msomali kusoma jina la nchi yake katika orodha ya paka wa maonyesho na kukutana na mnyama ambaye hajapata kumwona kwao.

Mazingira nayo yalikuwa mapya kwa mnyama na kwa mtu. Paka humwaga manyoya kwa kufuata urefu wa mchana kuliko kufuata baridi. Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini ya ikweta, mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na paka humwaga manyoya kidogo kidogo bila msimu ulio dhahiri. Buffalo iko karibu nyuzi 43 kaskazini. Mwezi wa Desemba mchana wake ni mfupi, takriban saa tisa tu, na mwezi wa Juni huzidi saa kumi na tano. Paka wa huko hujenga sufu nzito kabla ya kipupwe na kuimwaga mwanzoni mwa majira ya joto. Akikaa ndani mwaka mzima chini ya taa za umeme, hesabu hiyo huvurugika, naye humwaga manyoya kila mwezi. Na kukaa ndani ni jambo la juzi. Kabla ya mwaka 1947, Edward Lowe wa Michigan alipoanza kuuza chembe za udongo mkavu wa kuwekea choo cha paka, wanyama wengi wa miji ya Marekani walitoka nje kila siku. Udongo huo uliufunga mlango. Manyoya yaliyokuwa yakikwanguliwa na vichaka na kuta sasa hubaki mwilini, yakichanganyika na mafuta ya ngozi, hadi yafanye fundo.

Kwa kuwa kazi hii ni mpya, haikuacha fundi wa jadi wa kuuliza. Hata Paris, mji ambao wanyoaji wa mbwa walikaa na visanduku vyao kando ya daraja la Pont-Neuf, mabango ya kazi hiyo yalitofautisha mambo mawili: mbwa hunyolewa, paka huhasiwa. Kunyoa paka hakukuwa ufundi wa kutangazwa. Chombo kinachotumiwa leo ni cha kinyozi wa watu: Leo Wahl wa Sterling, Illinois, aliomba hataza ya mashine ya umeme ya kunyolea mwaka 1919, na mashine za wanyama ni jamaa wa chombo hicho. Mkasi wenyewe ulitengenezwa kwa ajili ya nguo na karatasi. Chombo cha nguo kikipelekwa juu ya paka bila mawazo mapya, huleta balaa.

Balaa hiyo hutokana na ngozi. Ngozi ya paka ni nyembamba, haikushikamana sana na nyama iliyo chini yake, na huvutika kama kitambaa chepesi. Maumbile hayo humwokoa katika vita, maana adui humshika ngozi na yeye akageuka ndani yake. Juu ya meza ya jikoni maumbile hayohayo humponza. Mtu akilishika fundo na kulivuta juu ili alikate, ngozi huinuka pamoja nalo, ikaingia katikati ya fundo kama paa la hema. Machoni huonekana manyoya tu. Mkasi ukifunga, hukata vyote viwili, na kidonda hupanuka papo hapo, kikahitaji kushonwa. Hatari ni kubwa zaidi makwapani, kinenani, nyuma ya masikio, tumboni penye chuchu na chini ya mkia, na mafundo hupenda kutokea hapohapo, kwa kuwa viungo husuguana.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya usalama ni kwamba fundo lililogusa ngozi halikatwi kwa mkasi, hata mkasi uwe na ncha butu, hata mkono uwe mwepesi. Fundo ambalo bado ni laini hufumuliwa kwa vidole, kisha kwa kitana cha chuma chenye meno mapana, kuanzia nchani mwa manyoya na kurudi taratibu kuelekea ngozini, huku mkono wa pili ukiyabana manyoya karibu na ngozi ili mvuto usifike mwilini. Unga wa mahindi uliosagwa laini kabisa, ukipakwa kidogo, husaidia nyuzi ziteleze. Mkasi hubaki na kazi moja iliyo salama: kupunguza ncha za manyoya marefu yasiyo na fundo, kama yale ya mapajani nyuma yanayochafuliwa na choo, na hata hapo kitana hutangulizwa kati ya ngozi na mkasi, na kinachokatwa ni kile tu kilicho upande wa nje wa kitana.

Fundo gumu ni kazi ya mashine. Ngozi hunyoshwa kwa mkono hadi iwe tambarare, wembe wa mashine hulazwa sambamba na ngozi na kupitishwa polepole chini ya fundo. Kila baada ya dakika chache wembe hupimwa kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa binadamu, kwani chuma kinachosuguana hupata moto, na paka hawezi kusema kwamba anaungua. Maji hayaji kwanza. Fundo likilowa hukaza kama kamba ya mashua, kwa hiyo kuchana hutangulia kuosha, kama kuosha kuna haja. Na vikao huwa vifupi, dakika tano au kumi, paka akiwa ametulia baada ya kula. Mkia ukianza kupigapiga, masikio yakilala nyuma, au akihema mdomo wazi, kazi huachwa hadi siku nyingine. Kumfunga au kumkandamiza kwa nguvu hukatisha kazi ya leo na kuharibu ya kesho pia.

Kumnyoa mwili mzima ni shauri jingine. Manyoya hukinga baridi na hukinga jua pia, na mnyama aliyenyolewa karibu na ngozi huungua kirahisi, hasa akiwa mweupe. Katika mji ambao dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 iliwaua makumi ya watu, haihitaji maelezo kwa nini paka aliyenyolewa hapaswi kuvuka kizingiti. Wenye paka wa aina ya Siamu huona jambo la ajabu zaidi: mahali paliponyolewa huota manyoya meusi zaidi, kwa sababu rangi ya paka hao hutegemea joto la ngozi, na ngozi iliyo wazi hupoa.

Fundo lenyewe lina habari ya kusema. Paka aliyekuwa nadhifu akaanza kuwa na mafundo mgongoni karibu na mkia, mara nyingi hakuzidiwa na manyoya. Ameshindwa kujipinda. Uchunguzi wa mwaka 2002 wa picha za eksirei za paka 100 waliopita umri wa miaka 12 uliona dalili za ugonjwa wa viungo kwa 90 kati yao. Wengine huacha kujilamba kwa sababu ya meno mabovu au unene. Anayekata fundo bila kuuliza sababu huondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Hapo daktari wa wanyama ni wa lazima, na ni wa lazima vilevile pale mafundo yanapokuwa yameunganika kama ngozi ya pili, kwa maana yeye humlaza mnyama usingizi kwanza.

Wala huruma isimfanye mtu kumpa paka dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja sumu hiyo. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa. Nyingi zina pamethrini, ambayo wanakemia waliibuni kwa kuiga sumu asilia ya ua la pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kenya zilikuwa mzalishaji wake mkubwa duniani kwa muda mrefu wa karne ya 20. Mbwa huistahimili, paka hupata mitetemeko na kufa. Kila kinachopakwa juu ya manyoya ya paka kitafika tumboni mwake, kwa sababu ulimi hauachi kazi.

Kwa nyumba za Waislamu wa asili ya pwani na Somalia, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Imam Shafi, kazi hii ina upande wa fiqhi. Paka mwenyewe ni tohara. Hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, ndiyo msingi wa hukumu hiyo, na humtaja paka kuwa miongoni mwa wanaozunguka nyumbani mwa watu. Lakini katika madhehebu ya Shafi, manyoya ya mnyama asiyeliwa yakishatengana na mwili wake angali hai huhesabiwa kuwa najisi, ingawa machache husamehewa. Wahanafi na Wamaliki wanayaona kuwa ni tohara. Hukumu hii iliyaelekea, pwani, manyoya machache mafupi yaliyoshika kwenye kanzu. Katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo paka wa manyoya marefu na mswala vinashiriki zulia moja, imekuwa sababu ya kila siku ya kumchana paka mahali pamoja, juu ya shuka moja, na kuyakusanya manyoya yote kabla hayajatawanyika. Tohara na afya ya mnyama zimeelekeza kwenye tendo lilelile.

Hadithi nyingine, iliyo katika Bukhari na Muslim, inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Maelezo hayo yana mizani. Lawama imewekwa juu ya kumfungia mnyama na kisha kumnyima kile ambacho angejipatia mwenyewe lau angekuwa huru. Mizani hiyo yatosha kuipima hali ya Kenmore. Paka wa Lamu yuko huru na ulimi wake unamtosha, na anayemwachia manyoya yake hakumdhulumu. Paka wa ndani mwenye manyoya marefu amefungiwa mara mbili: mara moja kwa mlango, na mara ya pili kwa mwili ambao watu walimchagulia tangu Khorasan hadi New York. Aliyemchukua nyumbani hakuvichagua vifungo hivyo vyote, lakini amevirithi pamoja na paka, na kitana cha kila siku ni sehemu ya chakula anachodaiwa.

Waswahili husema paka wa nyumba haingwa. Methali hiyo imezoeleka kutumiwa kumtetea mtu wa nyumbani asifukuzwe. Katika miji ya kaskazini, ambako wengi wa wasemaji wake ni watu waliowahi kufukuzwa kwao, kutomfukuza paka hakutoshi tena kuwa wema kamili. Ukaaji wake una gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa dakika chache za kuchana kila jioni, ili siku ya mkasi isifike, au ikifika, ikute ncha za manyoya tu, kitana kikiwa kati ya chuma na ngozi.